Mkabaji Tuliyemtoa Kwenye Ukuta

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya Julai mjini Johannesburg, katika ile baridi kavu inayopasua midomo huku jua likiwaka bure. Naikumbuka kuliko siku nyingi zilizoifuata, na si kwa ajili ya mpira, ingawa mpira ndio tuliokuwa tukiuzungumza. Nilikuwa kijana, sijafika thelathini, natengeneza cherehani za mafundi wa Fordsburg. Kila Jumamosi nikifunga kazi nilikwenda Mayfair kunyolewa kwa Salumu. Nywele zangu hazikuhitaji kunyolewa kila wiki. Nilifuata ubishi.

Salumu alikuwa kinyozi, mtu wa Tanga, mwenye sauti ya mnada. Duka lake la kunyolea lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba kuukuu: kiti kimoja cha kunyolea, kioo kirefu, benchi la wanaosubiri, na hita ya mafuta ya taa iliyotutoa machozi. Hapo ndipo lilipokuwa bunge la timu yetu. Timu tuliiita Wageni, maana ndivyo tulivyokuwa: Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya wachache, pamoja na Thulani, kijana wa Kizulu wa mtaa ule ule, aliyekuja kuazima mpira wetu siku moja akabaki. Tulicheza kila Jumapili kwenye kiwanja cha vumbi, tukishindana na timu za mitaa mingine na za Soweto.

Wiki ile Salumu alikuwa amemwita mchoraji wa mabango apambe ukuta wake wa nje, unaotazama barabara. Alitaka nyuso tatu, na chini ya kila uso jina. Hakutaka wafungaji.

"Wafungaji wana wake zao wa kuwasifu," alisema. "Mimi nataka wakabaji. Wakabaji watatu bora wa Wageni tangu timu ianze."

Kwetu sisi mkabaji hakuwa beki anayesubiri nyuma. Alikuwa yule wa katikati ambaye kazi yake ni kumfikia mwenye mpira kabla hajainua kichwa kutafuta wa kumpasia. Timu zilizotuzidi chenga na viatu tulizishinda kwa watu hao. Mpinzani alipokea mpira akidhani ana nafasi, akageuka, na mtu wetu alikuwa tayari amefika kifuani pake. Ni kazi isiyoimbwa, lakini ndiyo iliyotulisha ushindi.

Mimi waliniita Refa, wala sikuwahi kupuliza filimbi. Waliniita hivyo kwa sababu nilipenda mambo yapimwe. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine niliyatoa kwenye vitabu vya mitumba, kimoja baada ya kingine, na vitabu vikaniaminisha kwamba neno lisilo na ushahidi ni kelele. Hilo si baya, mwanangu. Ila kisu kizuri nacho hukata mkono wa mwenyewe.

Kabla sijafika kwenye ubishi wenyewe, lazima nikueleze desturi moja ya watu wetu wa siku zile, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Mtu alipofika Johannesburg alikuwa na jina la kufikia. Alikwambia, "Naitwa fulani," nawe ukamwita fulani, basi. Hukumuuliza aliitwaje jana. Hukumuuliza alitoka kijiji gani, wala alikuwa akifanya nini kabla ya safari. Akitaka atasema mwenyewe, siku yake ikifika. Hakuna aliyetufundisha desturi hiyo. Tuliikuta kama unavyokuta mlango umerudishwa, nawe unauacha umerudishwa.

Katika timu yetu alikuwapo mtu aliyefika siku ya Jumanne, akasema aitwe Jumanne. Alikuwa Mkristo kutoka mashariki ya Kongo, kando ya ziwa, na jina hilo la Kiislamu lilimkaa kama koti la kuazima, lakini nani aulize? Alikuwa mlinzi wa duka la vitambaa, na mkewe alikuwa mjamzito. Karibu sote tulijua kidogo kidogo, kwa vipande, isipokuwa Salumu, aliyekuwa akisikiliza sauti yake mwenyewe tu. Tulijua kwamba akiwa kijana mdogo alichukuliwa kwa nguvu na watu wa msituni wenye bunduki, kwamba alitoroka, na kwamba watu wale hawakusahau waliotoroka. Mara mbili ilisikika kwamba kuna watu mjini wanaulizia majina. Kwa hiyo Jumanne aliishi kwa jambo moja tu: asijulikane. Nakuambia haya mapema, mwanangu, ili uyabebe mkononi wakati unatusikiliza tukibishana.

Na Jumanne alikuwa mkabaji bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Hili nalisema leo bila kupepesa macho.

Jumamosi hiyo tulikuwa watu wachache. Salumu alikuwa kazini. Kitini alilala mteja asiyejulikana, ameinamishwa kichwa nyuma, taulo la moto limemfunika uso mzima ili ndevu zilainike. Benchini tulikaa mimi na Wilondja, fundi cherehani kutoka kando ya ziwa lile lile la kwao Jumanne, mtu mwema mwenye fahari nyingi. Pembeni yetu alikaa Mama Sipho na sinia lake la chapati. Yeye alikuwa Mnyamwezi aliyekulia Morogoro, akaolewa huko na mwanamume wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni akiukimbia utawala wa makaburu, na mambo yalipobadilika akaja naye huku. Ndiye aliyefua jezi zetu na kututukana tulipofungwa. Tulimwamkia shikamoo hata sisi tulioota mvi mapema.

"Kiberiti!" Salumu alisema, wembe mkononi. "Wa kwanza ni Kiberiti, wala sihitaji kura. Mtu akipokea mpira, hajajua bado auweke kulia au kushoto, Kiberiti keshafika."

"Keshafika na keshaanguka," Wilondja akajibu. "Miye nilimuona chini mara mingi kuliko juu. Ule ni mukabaji ao ni mukeka?"

"Mkeka ni wewe uliyekuja timu imeshakuwa na jina!"

"Kula chapati, Salumu, upunguze moshi," Mama Sipho akasema.

Nikawatuliza. Nikasema mkabaji apimwe kwa mambo yanayoonekana: anafika mapema kiasi gani, anapokonya mpira au anamvunja mtu, na akishaupata anaupeleka wapi. Kwa kipimo hicho Kiberiti alipita, maana miaka yake ya mwanzo hakuwa na mwenzake. Thulani naye alipita bila ubishi. Hata Wilondja alikubali kwamba kijana yule hufika kwa mtu kama habari mbaya.

Ikabaki nafasi ya tatu. Salumu alimtaka Ramadhani, ambaye kwa sababu ya mwendo wake tulimwita Goti. Wilondja alimtaka Jumanne.

"Jumanne ana misimu miwili tu," Salumu akasema. "Ukuta wangu si wa wapita njia."

"Misimu mibili hapa!" Wilondja alisimama. "Hapa, Salumu! Weye unajua mbele ya hapa ule mutu alikuwa nani?"

"Sijui, na ukuta haujui. Refa, mwambie."

Mimi, mwanangu, niliona hoja nzuri inapotea kwa kukosa ushahidi, na jambo hilo lilinikera kama uzi uliokatika katikati ya mshono. Nikamgeukia Wilondja.

"Umeleta hoja, sasa itegemeze. Alicheza wapi kabla ya kuja? Timu gani? Akiitwa nani huko? Ukisema, tutampima. Usiposema, simhesabu."

Mama Sipho aliacha kukunja chapati. "Refa, mwanangu," akasema polepole, "ukuta ni wa Wageni. Pima ya Wageni, inatosha."

"Mama, hoja ikishaletwa lazima ijibiwe," nikamwambia. Nilitabasamu kabisa wakati nikisema. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa najikwaa kwa vyote viwili, tena kwa madaha.

Hapo nikaona kitu kwenye kioo. Mkono wa yule mteja ulitoka chini ya shuka la kunyolea, taratibu, ukainua ukingo wa taulo na kulisogeza mpaka sikio moja likawa wazi. Kisha mkono ukarudi chini ya shuka. Uso ulibaki umefunikwa. Nilikiona kitendo kile waziwazi, lakini sikukielewa. Nilidhani taulo limemuunguza.

Mama Sipho naye alikiona.

Wilondja alikuwa amekwisha vuta pumzi. Kifua kimejaa, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayetaka kumtaja bwana harusi mbele ya ukoo. Kwao, na hata kwetu, humsifu mtu mpaka umtajie alikotoka, na baba yake, na mto alioogea. "Sawa," akasema. "Kule kwetu, kando ya ziwa, ule mutu mwenyewe alikuwa anaitwa..."

"Anaitwa mtoto wa dada yangu!"

Mama Sipho alilisema hilo kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwa mtu yeyote. Sinia lilianguka, chapati zikatawanyika sakafuni, wala hakuziangalia.

"Nimechoka kuwasikiliza!" akaendelea. "Jumanne ni mtoto wa dada yangu, kazaliwa Morogoro mikononi mwangu. Leo mnakaa kunieleza mimi habari za mtoto wangu? Wilondja, tangu lini Morogoro kuna ziwa?"

 Nilimwona Wilondja anamtazama mama, kisha anatazama kiti, kisha kioo. 

Yule mtu alitoa taulo mwenyewe. Alikuwa wa makamo, uso wa kawaida, mpole hata. Akasema kwa Kiswahili cha kule kule ziwani, "Morogoro upande gani, mama? Miye niko na ndugu kule."

"Kilakala, chini ya mlima," Mama Sipho akamjibu papo hapo. "Na huyo ndugu yako anakaa upande gani?"

Yule mtu aliliruka swali. Akamgeukia Wilondja kwa upole ule ule, akimwita papa, yaani baba, kama wasemavyo kwao. "Lakini weye, papa, umesema kwetu. Umesema ziwa."

Hita iliguruma. Salumu alikuwa ameshika wembe hewani, hajaelewa lolote, na hilo peke yake lilinitia hofu, maana Salumu asipoelewa huuliza. Nilianza kuelewa mimi, mwanangu, na kuelewa kulikuja kama maji ya baridi yanapoingia kiatuni, kidogo kidogo, mpaka mguu wote umelowa.

"Nilidanganya," Wilondja akasema. Alisema akitazama sakafu. Mtu yule mwenye fahari, aliyeweza kununa wiki nzima kwa sababu umemkosoa mshono! "Nilitaka mutu wetu naye aingie ku ukuta. Nikadanganya, papa."

Salumu alipasuka kwa kicheko. "Nilijua! Mkongo anaiba mkabaji wa Tanzania mchana kweupe! Eish! Wilondja, leo umeumbuka!"

Akacheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya aproni. Wilondja aliinama akaanza kuokota chapati. Namshukuru Mungu kwa ujinga wa Salumu siku ile, kwa kuwa kicheko chake kilikuwa cha kweli, na kicheko cha kweli hakina mashaka.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Mlango ulifunguliwa, akaingia Jumanne.

Alikuja kunyolewa, kama kila Jumamosi jioni, akisugua viganja kwa baridi. Alisimama mlangoni. Tulimgeukia sote kwa mara moja, hata Salumu. Ungemsikia Jumanne akisema neno lolote, hata "hamujambo", ungejua anatoka wapi. Ulimi wake ulikuwa wa ziwani, na haukuwa na pa kujificha.

Mama Sipho alimwahi. "Ndiye huyu! Mafuta ya kupikia niliyokutuma tangu asubuhi yako wapi? Usinijibu! Funga mdomo! Mama yako alikuwa hivi hivi, mtu anatumwa sokoni anarudi jioni na mikono mitupu. Nimekulisha kwa ajili gani mimi? Unaniangalia nini? Inamisha kichwa unaposemeshwa na mama yako mdogo!"

Jumanne akainamisha kichwa. Sijui alitambua kwa kitu gani. Labda mtu aliyeishi miaka mingi kwa kujificha huisoma hewa ya chumba kabla hajavuka kizingiti. Alisimama mikono nyuma, kama mpwa mwenye makosa.

Yule mtu akakizungusha kiti ili amtazame vizuri. "Kijana," akasema, "hawa banasema weye ni mukali sana wa mupira."

Mama alikuwa amefungua mdomo tena, lakini niliona wazi kwamba safari hii hawezi kumjibia. Swali lilikuwa la mpira, na mwenye neno la mwisho la mpira katika chumba kile nilikuwa mimi. Mtu yule aliliona hilo pia. Macho yake yalitoka kwa Jumanne yakanijia. "Ao refa ndiye anajua?" akauliza.

Mwanangu, nilikuwa nimejisifu maisha yangu yote kwamba sipimi kwa upendeleo.

"Wamesema hivyo, bwana, ni kweli," nikajibu.  "Lakini uamuzi ni wangu, na nimeshaamua. Watatu ni Kiberiti, Thulani na Ramadhani Goti. Jumanne ni wa kawaida. Humfikia mtu akiwa amechelewa, pasi imeshaondoka. Na siku akiupata mpira hajui aupeleke wapi."

Kila neno lilikuwa uongo, na nilikuwa nalisema mbele ya uso wake. Nilimwona akiinua macho kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia: akanuna. Alivuta mdomo kama kijana aliyenyimwa jezi, akageuza uso ukutani.

"Umesikia?" Mama Sipho akamsukuma mgongoni. "Hata mpira hujui. Toka, kalete mafuta!"

Jumanne akatoka. Nilimwona kupitia dirisha akitembea bila haraka mpaka kwenye robot, kama waitavyo huko taa za barabarani, akasubiri kama watu wote, akavuka.

Salumu alimaliza kumnyoa yule mtu. Ilichukua muda mrefu, au mimi niliuona mrefu. Mtu yule alilipa, akajitazama kwenye kioo, akashukuru, na alipofika mlangoni akauliza, kama anayeuliza bei ya vitunguu, "Kesho munacheza wapi?" Salumu, maskini, akamwelekeza kiwanja na saa.

Mlango ulipofungwa, Wilondja aliketi, akaibana mikono katikati ya magoti.  Salumu akatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu bado," Mama Sipho akamjibu. "Nyamaza, Salumu, nitakueleza." Kisha akanigeukia mimi. Nilitegemea anipigie kelele, na ningezipenda zile kelele. Alisema polepole.

"Wewe ulitaka ushahidi. Niambie, ushahidi ule ulikuwa wa nani?"

"Wa ubishi, mama."

"Ubishi una masikio mangapi? Ulimtazama nani aliye kitini kabla hujauliza?"

Nikageuka kukitazama kiti kitupu.

"Sikiliza nikwambie," akasema. "Mimi niliolewa Morogoro na mwanamume nisiyejua jina alilopewa na mama yake. Miaka yote ile. Nilimzalia watoto kwa jina la kufikia. Hata siku moja sikumuuliza, wala wenzake hawakuulizana, na si kwamba hatukupendana. Alikuwapo kijana mmoja pale, fundi wa kuimba. Siku moja katika sherehe wakamsifu. Wakasema, huyu ndiye mwana wa fulani, wa mtaa fulani kule Soweto, hakuna sauti kama ya ukoo wao. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Haukwisha muda, huku nyumbani kwao askari wa makaburu wakauvunja mlango wa mama yake. Aliyemtaja alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Alimtaja kwa kumpenda."

Akaanza kupangusa sinia lake.

"Adui, Refa, hana haja ya kuchimba. Anakaa tu mahali watu wanapomsifu anayemtafuta, akisubiri."

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijakutana na sentensi iliyonikalisha chini kama hiyo.

Hatukungoja. Kabla jua halijazama Wilondja alikwenda kwa Jumanne, na Thulani akaja na gari la mjomba wake, kwa kuwa yeye mwenyeji hakuna ambaye angemuuliza kitu njiani. Wakawachukua mume na mke na godoro lao, wakawafikisha kwa watu wa kanisa katika mji mwingine. Sikupata nafasi ya kumwambia Jumanne kwamba nilisema uongo.

Siku iliyofuata tulicheza. Watu wawili walisimama nyuma ya goli letu tangu mwanzo, mmoja wao yule aliyenyolewa. Mpira ulipokwenda upande wa pili, watazamaji wote waligeuza vichwa, lakini wao wawili hawakugeuza. Walikuwa wakitazama nyuso za wachezaji, uso mmoja mmoja, bila haraka. Wakati wa mapumziko mmoja wao alimwendea kipa wetu kumuuliza yule mkabaji niliyemwita wa kawaida yuko wapi leo. Mama Sipho alikuwa amekwisha kupita kwa kila mmoja asubuhi ile, na kipa akamjibu, "Yule? Ameachwa. Hana kiwango." Walibaki mpaka mwisho, wakaondoka. Tulifungwa, na mama hakututukana.

Mchoraji alikuja wiki ile ile akachora nyuso tatu. Kwa miaka mingi watu waliopita Mayfair walinisimamisha kuniuliza, "Refa, ulirogwa? Ramadhani Goti kwenye ukuta, na Jumanne hayumo?" Nilijibu kwamba uamuzi wa refa ni wa mwisho. Walinicheka, wakasema nilinunuliwa, wengine wakaacha kuniletea ubishi wao. Niliviacha vicheko vipite. Funika kombe, mwanaharamu apite. Na wakati mwingine wewe ndiye unayebaki umesimama juu ya kombe, mguu ukikufa ganzi.

Jumanne aliishi. Mtoto wao alizaliwa salama. Salamu zake zilinifikia mara moja tu, kwa mdomo wa dereva wa lori, bila jina: "Yule asiyejua aupeleke wapi mpira anakusalimu, na anasema ulimpimia vizuri." Nilizima mashine yangu siku ile nikatoka nje, nikasimama barabarani mpaka macho yakakauka.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sikukatazi kubishana, maana watu wasiobishana hawapendani sana. Wala sikukatazi kutafuta ukweli na kuupima. Lakini ukweli una mwenyewe. Unaomhusu mtu ni mali yake kwanza, kabla haujawa hoja yako. Siku hizi mnabishana kwenye simu, mbele ya watu msiowaona hata taulo lao, mkitaja majina, mitaa na picha za watu mnaowapenda ili mshinde kwa jioni moja. Kabla hujauliza swali, uliza kwanza nani mwingine atasikia jibu. Kabla hujamsifu mtu, jiulize kama sifa hiyo itamvika nguo au itamvua. Na ikitokea siku ambayo kumpenda mtu ni kumshusha mbele ya wasiojulikana, mshushe, ubebe kicheko, usidai shukrani. Mtu mzima akikuambia kwa sauti ya chini, "Hiyo inatosha," simama hapo hapo. Huenda ameona mkono ambao wewe umeuona lakini hukuuelewa.

Mungu akujalie masikio yanayotangulia ulimi wako. Akupe marafiki watakaokusifu ndani na kukufunika nje. Na siku utakapokuwa mgeni katika mji wa watu, huna jina wala ukoo, akuinulie mtu wa kuangusha sinia lake na kupiga kelele kwamba wewe ni mtoto wa dada yake. Amina.